Tochi ya kuzamia kwenye ndege: betri ikae wapi, taa ikae wapi

Mkaguzi wa mizigo anapoitazama tochi ya kuzamia kwenye skrini pale Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, anachokiona ni bomba nene la chuma lililozibwa pande zote mbili, ndani yake seli mbili tatu zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na kando yake nyaya za chaja. Hana njia ya kujua kwamba kitu hicho kinakwenda kumulika pweza na mikunga kwenye matumbawe ya Diani. Kwa hiyo begi linavutwa kando, mwenyewe anaitwa, na maswali yanaanza. Hapo ndipo wapiga mbizi wengi hugundua kwamba ushauri waliopewa na wenzao hauelewani. Mmoja aliwaambia betri zote ziende mkononi. Mwingine alisema tochi lazima iwe kwenye mzigo mkubwa. Wa tatu akaonya kwamba ukizitoa betri unajitafutia taabu, na wa nne kwamba usipozitoa utanyang'anywa.

Wote wanne wanaweza kuwa wamesema kweli, kila mmoja kuhusu kifaa chake na safari yake. Kinachotuchanganya ni kwamba kanuni za usafiri wa anga zinashughulikia hatari mbili, nasi tunazichukua kama moja. Ya kwanza ni betri yenyewe, hata ikiwa imelala peke yake mfukoni. Ya pili ni joto la kifaa kinachowashwa na betri hiyo. Ukizitenganisha hizo mbili, karibu kila swali kuhusu mzigo wa mzamiaji hupata jibu.

Kwa nini betri inaogopwa hivyo

Ndani ya seli ya lithiamu-ioni mna tabaka mbili zinazohifadhi chaji, zimetengwa na utando mwembamba wa plastiki, na zote zimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Utando huo ukitoboka kwa sababu seli iliangushwa, ilibanwa au ilitoka kiwandani na kasoro, umeme unapita mahali usipotakiwa kupita. Vivyo hivyo ncha ya chanya na ya hasi zikiguswa na chuma kimoja kwa nje, tuseme funguo au sarafu, betri inapiga shoti na nishati yake inageuka joto. Joto likizidi kiwango fulani, seli huanza kujichoma kutoka ndani: kemikali zinatoa joto, joto linazichochea kemikali, na hapo hakuna swichi itakayozima. Inatoa gesi inayowaka, inapasuka, kisha seli ya jirani inapata joto na kufuata njia ileile.

Sehemu ya mizigo ya ndege kubwa za abiria ina mfumo wa kuzima moto unaotumia gesi ya haloni. Haloni huzima miali. Haipozi seli, wala haisimamishi kinachoendelea ndani yake, na gesi zinazoendelea kutoka zinaweza kujikusanya na kulipuka. Juu, kwenye chumba cha abiria, mambo ni tofauti. Kuna macho, kuna pua zinazonusa moshi, kuna wahudumu waliofunzwa kuzima miali kwanza kisha kuimwagia betri maji mengi ili ipoe. Hiyo ndiyo sababu ya amri inayowashangaza wengi, kwamba kitu kinachoweza kuwaka kiwekwe karibu na watu badala ya mbali nao.

Amri hii imetokana na ajali. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyoondoka Dubai ilishika moto ikiwa angani, na marubani wake wawili walikufa ilipoanguka. Ndani ya shehena mlikuwa na betri nyingi za lithiamu. Tangu Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu-ioni kusafirishwa peke yake kama shehena kwenye ndege za abiria. Januari 2025, ndege ya Air Busan ilishika moto ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye makabati ya juu ya mizigo. Abiria wote waliokoka, na uchunguzi ukaielekezea kidole pawabenki. Baada ya hapo mashirika kadhaa yalikaza kamba. Emirates, inayosafirisha wengi kutoka Nairobi, ilikataza kutumia au kuchaji pawabenki ndani ya ndege zake kuanzia Oktoba 1, 2025, na kila abiria anaruhusiwa moja tu, isiyozidi wati-saa 100.

Kanuni za msingi ni zilezile uwe unakwenda Ukunda au Maldives. ICAO, ambayo ofisi yake ya kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika iko hapa Nairobi, huweka kanuni. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, huziandika kwa lugha ya kaunta. Na nchini Kenya msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Shirika la ndege linaweza kuwa kali kuliko kanuni hizo. Haliwezi kuwa laini kuliko hizo.

Wati-saa, na mtego wa pawabenki

Kipimo kinachotumika ni wati-saa, kinachoandikwa Wh kwenye betri. Ni volti mara ampea-saa. Ikiwa betri imeandikwa mAh, yaani miliampea-saa, gawa kwanza kwa 1,000. Seli ya aina ya 18650, ile inayotumika kwenye tochi nyingi za kuzamia, ina volti 3.6 au 3.7, ikiwa na mAh 3,400, hesabu inakuja karibu Wh 12.6. Seli nene zaidi ya 26650 yenye mAh 5,000 ni Wh 18.5. Taa ya video yenye pakiti ya seli nne zilizofuatana, volti 14.8 na mAh 3,400, ni Wh 50 hivi. Kwa maneno mengine, vifaa vingi vya mzamiaji wa kawaida viko mbali na mpaka.

Mpaka wa kwanza ni Wh 100. Chini ya hapo huhitaji ruhusa kwa ajili ya betri. Kati ya Wh 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na betri za akiba za ukubwa huo haziwezi kuzidi mbili. Zaidi ya Wh 160 haisafiri na abiria kabisa, si mkononi, si chini. Kuna pia idadi ya jumla: vifaa visivyozidi 15 na betri za akiba zisizozidi 20 kwa mtu mmoja, isipokuwa shirika liruhusu zaidi. Mpiga picha wa chini ya maji mwenye flashi mbili, taa mbili za video na mazoea ya kubeba seti tatu za seli anaufikia mpaka huo upesi kuliko anavyodhani, kwa hiyo ahesabu akiwa nyumbani.

Pawabenki ina mtego wake. Watu huchukua volti 5 za waya wa USB, wanazidisha na mAh 20,000, wanapata 100 na kuogopa. Seli za ndani ni za volti 3.7, kwa hiyo pawabenki hiyo ni Wh 74. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, nayo imeshavuka kizingiti. Na pawabenki, hata ikiwa imeunganishwa na simu, huhesabiwa kuwa betri ya akiba. Haiwekwi kwenye mzigo wa chini kamwe.

Ikiwa betri yako haina maandishi, au yamefutika kwa kusuguliwa na chumvi, jiandae kwa mabishano. Kanuni za kimataifa zinataka pakiti za lithiamu-ioni zilizotengenezwa baada ya mwaka 2011 ziwe na Wh juu ya kasha lake. Seli moja moja nyingi hazina, ila zinaonyesha volti na mAh, na hizo zinatosha kufanyia hesabu. Angalia kwa makini seli za bei ya chini mno: 18650 inayodai mAh 9,900 inadanganya, kwa sababu seli nzuri kabisa za umbo hilo huzungukia mAh 3,500. Kiwanda kinachodanganya kuhusu uwezo sikiamini kuhusu ule utando wa ndani, na betri inayoruhusiwa kupanda ndege inatakiwa kuwa imepita majaribio ya Umoja wa Mataifa ya kubanwa, kutikiswa, joto na shoti. Kwa kifaa kitakachokaa miguuni pako angani, nunua seli ya jina linalojulikana kutoka kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Tochi ni kesi ya peke yake

Sasa twende kwenye hatari ya pili, ambayo ndiyo inayoitenga tochi ya kuzamia na kamera au simu.

Mita 20 chini ya maji, tochi ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) inapozwa na bahari nzima. Mtengenezaji anajua hivyo, na ndiyo maana vijitabu vingi vya maelekezo hukataza kuiwasha muda mrefu nje ya maji. Iweke tochi hiyohiyo katikati ya begi, imebanwa na suti ya mpira upande mmoja na taulo upande mwingine, kisha iwake yenyewe. Joto halina pa kwenda. Kioo kinapata moto, kitambaa kinaanza kuungua, betri iliyo sentimita chache nyuma ya kioo nayo inapashwa. Hapa betri inaweza kuwa nzima kabisa, haina kosa lolote, na moto ukatokea.

Je, inawezaje kujiwasha? Zishike mkononi tochi tatu za kuzamia uzitazame. Ya kwanza huwashwa kwa kuzungusha kichwa: unakaza, kiunganishi kinagusana na seli, taa inawaka. Mtikisiko na mbano wa begi vinaweza kufanya kazi ya mkono. Ya pili ina kitufe kilichochomoza, na kiatu kimoja kinatosha kukibonyeza. Ya tatu ina kitelezo chenye sumaku ndani, ili pasiwe na tundu la kupitisha maji. Hiyo inaweza kuamshwa na sumaku nyingine iliyo karibu, kama ya spika au ya kifuniko cha mkoba. Swichi imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mzamiaji. Usiitegemee kama kinga.

Kwa sababu hiyo kanuni zinavitaja waziwazi vifaa vya betri vinavyoweza kutoa joto kali kiasi cha kuwasha moto, na mfano unaotolewa ni taa zenye nguvu za chini ya maji. Sharti ni kutenganisha chanzo cha joto na betri, kwa kutoa betri, au kutoa kichwa cha taa, au kutoa kipande kingine kama fyuzi. Betri iliyotolewa ikingwe isipige shoti. Na idhini ya shirika la ndege inahitajika.

Kanuni haitaji idadi ya lumeni ambayo ikifikiwa tochi inakuwa "yenye nguvu". Msimamo wangu ni kuzichukulia tochi zote za kuzamia kwa namna moja, ndogo ya akiba pamoja na kubwa. Kutoa seli ni kazi ya nusu dakika, na anayetoa zote hana cha kubishana na mtu. Kulegeza kichwa nusu mzunguko, kama wanavyofanya wengi, hakutoshi. Seli bado imo ndani, na kilicholegezwa kinaweza kukazwa na safari.

Baada ya kutenganisha, swali la nani aende wapi ni jepesi. Bomba tupu na kichwa chake ni vipande vya chuma na kioo tu, vinaweza kwenda kwenye mzigo mkubwa. Seli sasa ni betri za akiba, kwa hiyo zinakwenda nawe juu. Mimi ningeweka vyote kwenye begi la mkononi kama uzito unaruhusu, kwa sababu mkaguzi akikuta seli peke yake atauliza ni za nini, na jibu zuri ni kumwonyesha bomba lake.

Tochi ambayo betri yake haitoki ni shida halisi. Nyingine zina namna ya kufunga kitufe kwa kukibonyeza kwa muda au mara kadhaa, jambo linalosaidia, lakini si utenganisho unaotajwa kwenye kanuni. Hiyo iandikie shirika mapema, uibebe mkononi, na usiiweke kwenye mzigo wa chini. Ukiwa bado hujanunua, nunua inayofunguka.

Vifaa vingine

Kompyuta ya kuzamia haina wasiwasi wowote. Betri yake ya kitufe au ya kuchaji ni ndogo, ivae mkononi upite nayo. Kipima hewa kisichotumia waya kwenye regulata, kifaa cha kupumulia, nacho ni hivyohivyo. Betri za lithiamu zisizochajiwa, kama CR123 na zile za ukubwa wa AA, hupimwa kwa gramu za lithiamu, mpaka ukiwa gramu 2 kila moja, na hizi za kawaida ziko chini ya hapo. Za akiba zibebe mkononi pia. Flashi za kamera mara nyingi hutumia seli za nikeli zinazochajiwa. Hizo haziko chini ya sheria ya lithiamu, ila zikipiga shoti zinaunguza mfuko wa suruali, kwa hiyo zipange ndani ya vijisanduku vyake. Jaketi za kupasha joto mwili acha nyumbani: maji ya pwani yetu hayazihitaji.

Kamera na vifaa vingine vyenye betri ndani, chini ya Wh 100, vinaruhusiwa hata kwenye mzigo mkubwa, mradi vimezimwa kabisa na kulindwa visibanwe. Kuzimwa kabisa maana yake si kulala usingizi skrini ikiwa nyeusi. Hata hivyo, sioni sababu ya kukabidhi kamera kwa watu wanaorusha mabegi.

Skuta ya chini ya maji, mashine inayomvuta mzamiaji, ndiyo inayowavunja watu mioyo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ni Wh 360, zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa, na hakuna barua ya shirika itakayobadilisha hilo. Zipo skuta zilizotengenezwa kwa wasafiri, zenye betri inayotoka, ambayo iko chini ya Wh 100 au 160. Soma kibandiko cha betri yenyewe, usisome tangazo la dukani. Nyingine zote zisafiri kwa barabara, au zikodiwe huko pwani. Kuituma kama shehena ya ndege kunawezekana, lakini ni bidhaa hatari yenye karatasi, vifungashio na mawakala wake, na kwa safari ya Diani ya wikendi hesabu hiyo haikubali.

Pale mlangoni, begi lako linapochukuliwa

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzamiaji wa Nairobi alijue, kwa sababu linatuhusu sisi zaidi ya msafiri wa ndege kubwa. Umepanga vizuri, betri ziko kwenye begi la mkononi, umepita ukaguzi. Unafika kwenye ndege ya Dash 8 ya kwenda Ukunda au Malindi, makabati ya juu ni madogo, mhudumu anachukua mabegi ya mkononi na kuyapeleka chini. Wakati huohuo betri zako za akiba zimegeuka kuwa mzigo wa chini, kinyume cha kanuni, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Dawa yake ni kuziweka betri zote za akiba na pawabenki kwenye kijimfuko kimoja kinachoonekana ndani na kinachotoka kwa mkono mmoja, juu kabisa ya begi. Begi likiitwa, kijimfuko kinabaki nawe. Mwambie mhudumu, "Ngoja kidogo nitoe betri," na kama anajua kazi yake atakushukuru.

Kwa ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, tahadhari hii ina uzito zaidi. Mizigo kwa kawaida haizidi kilo 15 na inatakiwa kuwa kwenye mabegi laini, na kwenye Cessna Caravan mabegi mengi huingia kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege, ambako hakuna mtu anayeweza kufika mkiwa angani. Begi laini pia halilindi kitu kisibanwe. Ukiwa na vifaa vingi, piga simu kabla ya kukata tiketi, eleza unabeba nini.

Idhini ya shirika iombe kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, ulichapishe au ulihifadhi kwenye simu. Usiandike "nina vifaa vya kuzamia". Andika: tochi mbili za kuzamia, kila moja na seli mbili za lithiamu-ioni, volti 3.7, mAh 5,000, Wh 18.5 kila seli, zitatolewa na kubebwa mkononi zikiwa zimekingwa. Mtu wa upande wa pili anaweza kujibu hilo kwa siku moja. Na kama safari ina mashirika mawili, Nairobi hadi Dar es Salaam na kisha Mafia, waandikie wote wawili.

Kwenye skana, maneno machache yanatosha. Mkaguzi akiuliza, "Madam, hii ni nini?" jibu ni, "Ni tochi ya kupigia mbizi. Betri zake hizi hapa, nimezitoa." Mpe bomba alifungue mwenyewe akitaka. Ukiwa umezikinga ncha kwa tepu ya umeme, au kila seli ina kijisanduku chake cha plastiki, mazungumzo huishia hapo.

Kuhusu chaji, abiria halazimishwi kuipunguza, lakini shehena ya betri za lithiamu-ioni peke yake hutakiwa isizidi asilimia 30, na sababu yake ni ya kisayansi: seli yenye chaji ndogo ina nishati ndogo ya kuachia ikiharibika. Kusafiri na betri zilizojaa nusu hakukupunguzii chochote. Chaji ukifika, mchana, ukiwa chumbani unaziona. Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliteketea usiku pwani ya California na watu 34 wakafa. Chanzo hasa hakikuthibitishwa, ila betri zilizokuwa zikichajiwa ni miongoni mwa vilivyochunguzwa, na watu wote walikuwa wamelala.

Makasha yaliyofungwa na mwinuko wa Nairobi

Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Ukifunga kasha la kamera barabara ukiwa Nairobi, unafungia ndani hewa ya mwinuko huo. Ukifika Mombasa, hewa ya nje inalikandamiza. Mlango wa sentimita 15 kwa 20 utabanwa na nguvu ya zaidi ya kilo 50, na watu wamevunja vibano wakijaribu kuufungua kwa bisibisi. Ukirudi, mambo yanageuka: hewa ya pwani iliyofungiwa inasukuma mlango kwa nje ndege ikipaa. Toa ringi ya mpira uiweke kwenye mfuko wake, au acha vali wazi, au funga bila kukaza. Bomba la tochi lililotolewa seli lifanyie vivyo hivyo, nawe utakuwa umejipunguzia pia nafasi ya kifuniko kugoma ufukweni.

Kurudi nyumbani

Safari ya kurudi ndiyo yenye hatari zaidi kwa betri, ingawa wengi huipakia kwa haraka. Vifaa vimekaa kwenye chumvi siku kadhaa. Fungua kila bomba kwenye mwanga, tazama springi ya chini na nyuzi za kifuniko. Ukiona unga mweupe au wa kijani, maji yamepenya. Chumvi yenye unyevu hupitisha umeme, na kidogo tu kati ya chanya na hasi kinatosha kuanzisha uvujaji wa chaji usiouona. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufungua, kausha, kisha ndiyo utoe seli.

Tochi iliyoingia maji ukiwa chini ifungue kwa uangalifu, kifuniko kikielekea mbali na uso wako na wa wenzako, kwa sababu seli iliyoloa hutoa gesi na bomba lililozibwa hulihifadhi shinikizo lake. Seli hiyo, hata ikionekana nzima, hata maltimita, kipima umeme, ikisoma volti kamili, haipandi ndege. Betri zilizoharibika zimekatazwa mkononi na chini pia, na hapo hakuna idhini ya kuomba. Hali kadhalika iliyovimba, iliyochubuka ganda lake la plastiki, au iliyotangazwa na mtengenezaji kuwa irudishwe.

Muda wa kupanga haya unao, kwa sababu mwili nao hauruhusiwi kupaa mara moja. Mapendekezo ya DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza shinikizo, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa kwa siku au za siku kadhaa. Usidhani treni ya SGR inakuokoa: Nairobi ni juu vilevile ukifika kwa reli au kwa Barabara ya Mombasa. Tumia asubuhi hiyo ya kungoja kukausha, kufunga ncha kwa tepu, na kukiuliza kituo chako cha mbizi kama kinapokea betri mbovu. Ukiikosa huduma hiyo, iachie mwenzako anayerudi kwa gari aibebe ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na viti, hadi kwenye kituo cha taka za kielektroniki hapa Nairobi.